Usitupe Ufito Uliovunjika

Wajukuu zangu wa Baraka, nanyi wa Mboko, Sebele, Kazimia na Ubwari yote, nina neno nanyi na nitalisema bila kuzunguka. Ufito wa kuvulia ukivunjika, msiutupe. Msiutupe ziwani, msiupeleke jikoni ukawa kuni, na kabla hamjaenda kukopa pesa za kununua mwingine, kaeni chini muutazame. Nimeona fito nyingi mno zimelala mchangani pale mitumbwi inapofungwa, zimekatika mahali pamoja tu, na mwenyewe ameshakwenda kuomba kazi ya kuvuta nyavu za mtu. Ufito ule angeutengeneza kwa siku mbili akarudi nao ufukweni. Sasa ameshajifunga kwa mwenye nyavu, na siku ya kufunguliwa haijui.

Wazee wenzangu wanawalaumu. Wakikaa lubunga, yaani barazani, wanasema vijana wa siku hizi ni wavivu, wanataka kila kitu kipya, hawana subira. Mimi silikubali hilo, na nimewaambia usoni. Mwaka 1996 vita vilipotufikia, watu wa Fizi walivuka ziwa letu la Tanganyika usiku kuelekea Kigoma, wengine na watoto mgongoni, wengine na sufuria moja. Kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa mwaka huo huo, ndani ya wilaya ya Kasulu, mbali kabisa na maji. Huko hakuna ufukwe wala mtumbwi. Mtoto aliyezaliwa Nyarugusu mwaka 1998 akarudi hapa kwa zile meli za kurudisha wakimbizi, anateremka bandari ya Baraka akiwa na miaka kumi hivi, anajua vizuri kupanga foleni ya mgao wa unga, lakini upepo wa kusi hajawahi kuusikia na sindano ya nyavu hajaishika. Baba yake naye alikuwa amekaa miaka yote ile bila kuvua. Nani angemfundisha? Ujuzi huu haurithiwi kwa damu. Mtu huupata kwa kukaa karibu na mtu anayefanya, akatazama mikono yake, akatumwa kuleta kisu, akapewa uzi aushike. Kizazi kizima kilikosa mahali pa kukaa hivyo. Kwa hiyo ninachowaandikia hapa ni kile mlichopaswa kukiona kwa macho mkiwa wadogo, na nitakiandika kwa urefu, kwa sababu kazi ya mikono ikielezwa kwa ufupi inapotosha.

Neno hili limenijia sana tangu mjukuu wangu mmoja, aliyepelekwa Marekani kutoka Nyarugusu kama wengi wa kwetu, aliponipigia simu. Huko anavua mtoni, kwa ile namna yao ya kutupa chambo cha manyoya kilichofungwa kwa uzi kikafanana na mdudu. Chambo hicho hakina uzito wowote. Uzito uko kwenye kamba yenyewe, na ufito ndio unaoirusha kamba, ukipinda mbele na nyuma bila kupumzika. Ufito wake ulikatika katikati. Dukani wakamwambia anunue mwingine. Akaniuliza, babu, hakuna njia? Nikamwambia njia ipo, na ni ile ile ya kwetu. Maneno haya basi ni yake pia.

Kwanza, utazame ulivyovunjika. Ukikatika karibu na ncha, shibiri moja au pungufu, huna kazi kubwa: kata pale palipochanika mpaka ufikie sehemu nzima, funga pete mpya mwishoni, na ufito wako utakuwa mfupi kidogo na mgumu kidogo, basi. Ukikatika karibu na mpini, pia si tatizo, maana hapo haupindi sana, na kiungo kinene hakidhuru. Shida iko katikati, kwenye mpindo. Hapo ndipo watu wengi hufunga msumari, au huchomeka kipande cha bomba la chuma, au huzungushia waya mpaka kiungo kinavimba. Kisha samaki wa kwanza wa maana anakuja, na ufito unakatika tena, kidole kimoja tu kutoka kwenye kile kiungo. Halafu mtu anasema mwanzi ulikuwa mbovu. Mwanzi haukuwa mbovu. Ufito hukaa salama kwa sababu unapinda kidogo kidogo kutoka ncha hadi mpini, kila sehemu ikibeba mzigo wake. Ukiweka katikati kipande kisichopinda kabisa, mzigo wote unasimama pale kinapoishia, na hapo ndipo unapokatia. Likumbukeni hili kuliko yote mengine niliyoyaandika: kiungo chema kinapinda pamoja na ufito.

Sasa mwanzi wenyewe. Mianzi ya milima ya Itombwe, ile inayoota juu kwenye baridi, ni myepesi na ina uwazi mpana ndani. Ile ya huku chini huwa na ukuta mnene zaidi. Ukiwa na mwanzi wenye ukuta mnene, kata ncha zote mbili kwa mshazari mrefu, zilaliane. Mshazari mfupi ni kazi bure. Kama ufito una unene wa sentimita moja, mshazari uwe sentimita kumi, hata kumi na mbili, ili nyuso mbili ziwe na mahali pa kutosha pa kushikana. Kata kwa kisu kikali, ukielekea nje, usikate kuelekea kidole gumba. Kisha lainisha kwa msasa uliobandikwa kwenye kipande cha ubao ulionyooka, ili uso usiwe na mgongo. Zilaze pamoja uinue kwenye mwanga. Ukiona mwanga unapenya katikati, bado. Rudi kwenye msasa. Kazi hii inachosha, na hapo ndipo kijana anapoanza kusema inatosha. Haitoshi mpaka mwanga usipite.

Mwanzi wenye uwazi mpana hautaki mshazari peke yake, maana ukuta wake ni mwembamba. Huo utauwekea kijiti ndani. Chonga kijiti cha mti mgumu uliokauka, au kipande cha mwanzi mwembamba zaidi, kiingie kwa kubana kiasi bila kupasua. Kiingie urefu wa kiganja kila upande. Na ncha zake zote mbili uzichonge ziwe nyembamba, zikipungua taratibu mpaka karibu ziishe kabisa. Usikiache kikiishia butu. Mnaona tumerudi kwenye lile neno: kijiti butu ni bomba la chuma kwa jina lingine.

Gundi. Zile gundi za tone moja zinazoshika papo hapo msizitumie hapa. Zikikauka zinakuwa ngumu zinazovunjika, hazipindi, na maji yakizizoea zinaachia. Tafuteni ile ya mirija miwili inayochanganywa. Toa kiasi sawa kutoka kila mrija, ukoroge juu ya kifuniko cha kopo mpaka rangi iwe moja, upake nyuso zote mbili, uunganishe, ufute inayotoka. Kisha uache. Imeandikwa kwenye boksi kwamba inashika kwa dakika kadhaa, na kweli inashika, lakini kushika siyo kukomaa. Siku nzima, mchana na usiku, usiuguse ufito huo. Kama uko mbali na duka na huna gundi kabisa, mshazari mrefu uliofungwa vizuri kwa uzi na kupakwa nta ya nyuki utakuvusha majuma kadhaa, ila uutazame kila jioni.

Kufunga uzi ndiyo kazi ninayoipenda, na ndiyo ninayoiona ikiharibiwa zaidi. Chukua uzi mwembamba, wenye nguvu, wala usichukue kamba. Anza vidole viwili kabla ya kiungo. Laza mwanzo wa uzi juu ya ufito, uelekee kule unakokwenda, kisha zungusha uzi juu yake ukiukandamiza. Mizunguko sita au saba ya kwanza inaufunga mwanzo huo na huhitaji fundo lolote. Usiuzungushe mkono. Shika uzi ukiwa umekazwa, uzungushe ufito. Ukiweza, pitisha uzi katikati ya kurasa za daftari lililowekewa jiwe juu, ili mkazo uwe uleule tangu mwanzo hadi mwisho. Kila mzunguko ukae ubavuni mwa mwenzake, usiupande. Ukiona pengo, lisogeze kwa ukucha kabla hujaendelea. Ukikaribia mwisho, kata kipande kifupi cha uzi, ukikunje kiwe kitanzi, ukilaze juu ya ufito huku tundu lake likitazama mbele, halafu zungusha mizunguko minane ya mwisho juu yake. Ingiza ncha ya uzi wako kwenye tundu, uvute miguu ya kitanzi. Ncha itavutwa chini ya mizunguko na kupotea humo. Kata kinachobaki. Hakuna fundo, hakuna nundu, hakuna mahali pa mshipi kunasa. Kisha paka gundi nyembamba juu, ukiugeuzageuza ufito ili isijikusanye upande mmoja, au sugua nta ya nyuki mpaka uzi ukolee.

Kwa fito za dukani, zile za nyuzi za kioo na zile nyeusi za kaboni, kanuni haibadiliki ila kijiti cha ndani hakichongwi kwa mti. Tafuta ufito mwingine uliovunjika wa aina hiyo hiyo, ukate kipande kinachoingia ndani ya ule wako kwa kubana. Ndiyo sababu nyingine ya kutotupa: ufito usiofufuka unakuwa kijiti cha kuponya mwenzake. Nimemwambia hivyo mjukuu wangu wa Marekani, akaenda kuomba vipande vilivyotupwa na wenzake, na akapata vingi kuliko alivyohitaji. Lakini vumbi la kaboni na la kioo ni baya. Usilisugue likiwa kavu. Lowesha msasa, funga kitambaa puani na mdomoni, fanya kazi nje penye upepo, na watoto wasikae karibu. Vijibanzi vyake vinaingia kwenye ngozi na havionekani.

Pete nazo zitazame, maana pete yenye mkwaruzo hukata mshipi, na mshipi ukikatika mtu hulaumu samaki. Chukua pamba kidogo, uipitishe ndani ya kila pete ukiizungusha. Mahali inapoacha unyuzi ndipo penye ukali. Palainishe kwa msasa mwembamba au badilisha pete. Waya mgumu usioota kutu, ukikunjwa vizuri kwenye msumari, unatosha kabisa. Mshipi wa nailoni uliokaa juani msimu mzima pia hauna nguvu tena hata kama macho hayaoni. Uvute kwa mikono, ukikatika kirahisi uuondoe. Na huo uliouondoa uuchome au uufukie mbali na maji. Ukiuacha ufukweni utaingia ziwani, utanyonga ndege na kujifunga kwenye panga la mota ya mwenzako, naye atajua hilo akiwa katikati ya mawimbi.

Kabla ya kwenda majini, jaribu nyumbani. Funga chupa ya maji ya lita moja na nusu kwenye mshipi, simama uwanjani, waambie watoto warudi nyuma, uinue taratibu mpaka ufito upinde. Sikiliza. Kiungo kizuri hakisemi kitu. Ukisikia mlio mdogo wa kukatika, hata mmoja, shusha chini, fungua uzi, anza tena. Ni afadhali kusikia mlio huo uwanjani kwenu kuliko ukiwa umesimama kwenye mtumbwi, na vipande vyenye makali vinakurukia usoni.

Na msidharau mwanzi kwa kuwa haukutoka kiwandani. Hao hao wanaouza fito za kaboni, babu zao walivulia mwanzi. Katika karne ya 19, fundi Hiram Leonard wa Maine, Marekani, alijipatia sifa kubwa kwa fito za vipande sita vya mwanzi vilivyopasuliwa na kubandikwa pamoja. Baadaye mafundi wa huko wakautegemea mwanzi wa Guangdong, China, na waliuthamini kuliko mti mwingine wowote. Wengi wao waliuacha pale tu Marekani ilipozuia bidhaa za China mwaka 1950, wakati wa vita vya Korea. Mwanzi ukaadimika, nyuzi za kioo zikachukua nafasi. Mpaka leo wapo mafundi wanaoutengeneza kwa mkono na kuuza kwa bei ambayo kwetu ingejenga nyumba. Nanyi milima yenu imejaa mianzi, mnakwenda kukopa pesa za kununua plastiki.

Mwenye ufito wa kaboni nina onyo lake peke yake, na hili alishike hata kama mengine yote atayasahau. Kaboni inapitisha umeme. Mnajua radi za mkoa wetu. Watafiti waliohesabu miale ya radi duniani kwa setilaiti na kuchapisha hesabu yao mwaka 2016, waliiweka Kabare, hapa hapa Kivu Kusini, ya pili katika dunia nzima, nyuma ya ziwa Maracaibo la Venezuela tu. Mtu aliyesimama kwenye mtumbwi, katikati ya maji yaliyo sawasawa pande zote, ameinua kaboni yenye urefu wa mita tatu, amejifanya kuwa kitu kirefu kuliko vyote vilivyo karibu naye. Ukiona wingu jeusi linashuka kutoka milimani, usingoje mvua. Laza ufito chini, elekea nchi kavu. Samaki aliyeko kwenye ndoana mwache aende nayo.

Sasa niseme lile linaloniuma. Kijana akiishiwa na chombo, huwa na njia tatu mbele yake. Ya kwanza ni hii ya kukaa na kutengeneza. Ya pili ni kwenda kwa mwenye nyavu, akapewa mafuta ya taa au betri, akapewa chakula, yote yakiandikwa. Usiku anavuta wavu, asubuhi ndakala, wale dagaa wetu, wanagawanywa, na sehemu yake inaliwa na lile daftari kabla haijafika nyumbani. Siwalaani wenye nyavu, wengine ni watu wema na wavu mkubwa una gharama. Ninachosema ni kwamba mtu mwenye ufito wake mzima hata akifanya kazi kwa mwingine, anafanya kama mtu mwenye pa kurudi. Jioni ikiwa mbaya, bado atapata kitoweo cha kuliwa na bukari nyumbani kwake, na hataamkia mlangoni kwa mtu.

Njia ya tatu ni chandarua. Hapa nitasema kwa ukali. Chandarua tunapewa bure ili watoto wasife kwa malaria, na mtu anakipasua, anakishona na vingine, anakiburuta kwenye ghuba kati ya Baraka na Ubwari, pale kwenye maji ya kina kifupi ambako vifaranga vya samaki vinakulia. Siyo mtu mmoja. Watafiti waliouliza kaya za vijiji vya kando ya ziwa hili, wakachapisha majibu mwaka 2014, walikuta zaidi ya nane katika kila kumi zimewahi kuvulia vyandarua. Matundu yake hayaachi kitu. Vinatoka viumbe vidogo kama punje za mchele, ambavyo vingekuwa kilo nzima baada ya miezi. Na ile dawa iliyowekwa kuua mbu ni sumu kali kwa samaki. Mtu huyo anaua mara tatu: anaua samaki wa mwakani, anatia sumu majini, na mwanawe analala bila kinga.

Mtaniambia ziwa ni kubwa. Ni kubwa kweli; kina chake kinafika mita 1,470. Lakini samaki hawaishi humo mote. Huku kwetu kaskazini, ukishapita mita mia moja hivi kwenda chini, maji hayana hewa, na samaki hawezi kuishi. Ziwa lenye samaki ni lile tabaka la juu tu, na upepo wa kusi ndio unaosaidia kuinua rutuba kutoka chini kuilisha. Wanasayansi walionya tangu mwaka 2003 kwamba maji ya juu yanazidi kupata joto, hayachanganyiki na ya chini kama zamani, na chakula cha ndakala kinapungua. Ndiyo maana nchi nne za ziwa hili, Kongo, Burundi, Tanzania na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Miezi ile ilikuwa migumu, na ilikuja baada ya maji kupanda yakaingia majumbani hapa Baraka, Uvira na Kalemie. Nawaelewa waliolia. Ila ziwa likifungwa, mikono haijafungwa. Mwenye busara atafungua nyavu zake zote, ashone, azibe mtumbwi wake kwa pamba na mawese, atengeneze fito zake, na siku ya kufunguliwa hatakuwa na deni la kuanzia.

Na hata ufito una adabu yake. Kuhe ni mmoja wa samaki wakubwa kuliko wote katika jamii yake duniani, na yumo katika ziwa hili tu. Dume na jike hukaa pamoja wakilinda mayai na vifaranga vyao, na wakati huo hukivamia chochote kinachosogea karibu, ndoana ikiwamo. Kumpata ni rahisi sana wakati huo, na ndiyo sababu usimchukue. Ukimwinua mzazi, vifaranga wanaliwa kabla hujafika nyumbani. Ukiona wawili wamesimama mahali pamoja juu ya mchanga na wingu la vitoto chini yao, vuta mshipi wako usogee mbele. Ukimnasa bila kujua, lowesha mikono kabla ya kumshika, mtoe ndoana majini humo humo, umwachie.

Mwezi ukiwa mpevu taa hazifanyi kazi, ndakala hawakusanyiki, na mitumbwi ya usiku inalala ufukweni. Siku hizo mtatukuta chini ya miembe, sisi wazee tulio bado na macho ya kuona uzi. Njooni, na dada zenu waje, maana vidole vyao havina haraka na kazi hii inapenda vidole vya namna hiyo. Mlete ufito na vipande vyake vyote, hata kibanzi kidogo kilichoanguka. Mlete kisu kilichonolewa. Gundi na nta vipo kwangu.